Mdomo wa Mbu Haukupinda

Gari la Gyutae lilikuwa limekwisha kuondoka. Lilivuka kidaraja cha mfereji, likaanza kuteremka kuelekea jiwe la mwanzo wa kijiji, na Moru nyuma yake analifukuza, kama alivyolifukuza kila sikukuu tangu alipokuwa mtoto wa mbwa asiyejua miguu yake ya mbele ni ipi. Mama Gyutae alisimama langoni akipunga mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika sinia tupu. Keki za mchele zilizokuwamo mkwewe, mke wa Gyutae, alizikataa kwa adabu mpaka bibi akachoka, akazimwaga garini kupitia dirishani.

Sikukuu ya mavuno ilikuwa imekwisha. Kisiwa kizima cha Jindo kilikuwa kinawatoa watoto wake kuwarudisha bara, gari nyuma ya gari mpaka darajani. Gyutae alikuwa na safari ndefu, maana karakana ya meli aliyofanyia kazi iko Ulsan, upande wa pili wa nchi.

Utaratibu wao ulijulikana. Gyutae akifika kwenye jiwe hupunguza mwendo, hupiga honi, na Moru husimama pale pale, hubweka mara moja, kisha hurudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyemaliza kazi yake. Watu walisema mbwa jike yule anasindikiza wageni vizuri kuliko wenye nyumba.

Siku hiyo hakufika jiweni. Karibu na pampu ya maji mbio zilimkatika. Alisimama, akainamisha kichwa, akakohoa kikohozi kikavu, kama mtu aliyepaliwa na unga. Kisha akaketi katikati ya barabara. Kule chini gari likapiga honi, likangoja kidogo, likaenda zake.

"Amezeeka," akasema Bibi Jomrye, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye alikuwa amekaa juu ya kibao chake cha plastiki akipepea shingo kwa kipande cha boksi. "Hata mimi siku hizi simfukuzi mtu."

"Wewe hukuwahi kumfukuza mtu, dada. Walikukimbia wenyewe."

"Basi na huyo kachoka na mwanao na watu wake. Kila mwaka wanakuja, wanakula, wanaondoka."

Mama Gyutae alicheka, lakini macho yake hayakutoka barabarani. Moru alikuwa na miaka sita. Mbwa wa Jindo wa miaka sita si mzee, ndio kwanza amepata akili. Marehemu mumewe alimleta nyumbani ndani ya kofia ya majani, rangi yake kama mabua ya mpunga uliokauka, na mwaka uliofuata mwenyewe akafa. Tangu hapo nyumba ile ilikuwa na watu wawili, mmoja anasema na mwingine anasikiliza. Hakuna paa aliyethubutu kuingia shamba la vitunguu la Mama Gyutae na akatoka anatembea.

Moru alirudi polepole. Ulimi ulikuwa nje, na rangi yake haikuwa nzuri. Lakini kulikuwa na joto. Mwezi wa kumi, sikukuu imekwisha, na watu walikuwa bado wanalala na feni. Mama Gyutae alimmwagia maji kwenye bakuli akajiambia ni joto.

Kikohozi hakikwisha. Kilikuwa kinamjia akipanda ngazi, akibweka, akifurahi. Ikafika mahali mbwa akawa anajizuia kufurahi. Mama Gyutae alipomwona anatingisha mkia kidogo kisha anauacha, kama mtu anayebana matumizi, alimfunga kamba akapanda naye kigari cha kubebea vitunguu cha mpwa wake, wakaenda mjini kwa daktari wa mifugo.

Daktari Pyo alikuwa msichana wa bara, nywele amezikata kama mvulana, mikono ina makovu ya paka. Alimtoa Moru damu kidogo, akaitia tone kwenye kioo, akachungulia kwenye darubini yake muda mrefu kupita alivyopenda Mama Gyutae.

"Njoo uone, mama."

Mama Gyutae alivua miwani, akaivaa tena, akachungulia. Ndani ya duara la mwanga kulikuwa na nyuzi nyembamba zinajipinda na kujinyosha, zinasukumana kama watu sokoni.

"Hivi ni nini?"

"Watoto wa minyoo. Wazazi wao wako moyoni, na kwenye mishipa ya kwenda mapafuni. Ni warefu kama tambi."

"Mimi nilimpa dawa," akasema Mama Gyutae. "Kila mwezi. Naifunga ndani ya samaki, anameza. Tangu miche inapotoka kitaluni mpaka siku ya Kukoma Joto."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Kwa nini mpaka Kukoma Joto?"

Swali lenyewe lilimshangaza. Ni kama kuulizwa kwa nini asubuhi kunapambazuka. Siku ya Kukoma Joto iko kwenye kalenda ya wazee, mwishoni mwa mwezi wa nane, na kila mtu aliyezaliwa nchi hii anajua kwamba siku hiyo ikipita, mdomo wa mbu unapinda. Anakuja, anatua, anajaribu, hauingii. Kutoka siku hiyo watu walifyeka makaburi ya wazazi wao bila kuumwa, wakaanua vyandarua, wakalala. Na kijijini kwao Mwenyekiti Gwak Changmo alikuwa na desturi ya kuitangaza kwa kipaza sauti, asubuhi, baada ya bei za vitunguu. *Wanakijiji, leo ni Kukoma Joto. Mdomo wa mbu umekwenda upande. Anueni vyandarua. Na wenye mbwa, pumzisheni matumbo yao na madawa.* Watu walicheka, wakafanya.

"Mbu mdomo wake si unapinda," akasema, na wakati anasema akaisikia sauti yake mwenyewe.

Daktari hakucheka. "Mwaka jana, mama, nguo za mikono mirefu ulizitoa lini?"

Mama Gyutae akafikiri. Alikumbuka siku ya kutia kimchi, ile kabichi ya chumvi na pilipili ya akiba, mwanzo wa baridi, wanawake wote wa kijiji wamezunguka mabeseni mekundu. Alikumbuka Bibi Jomrye amekunja suruali magotini, analalamika kwamba kabichi zinachacha mikononi mwao kabla ya kutiwa chumvi.

"Tulitia kimchi na mikono mifupi."

"Basi mbu waliuma mpaka hapo." Daktari alivuta kiti akakaa karibu yake. "Mbu anamnyonya mbwa mgonjwa, anachukua hivi vidudu. Hali ya hewa ikiwa baridi, vinalala tumboni mwake, havikui, na mbu anakufa navyo. Kukiwa na joto vinakua, vinapanda mpaka mdomoni, na mbwa atakayeumwa hapo ndiye anavipokea. Zamani majira yenyewe yalikuwa yanavikatia njia. Siku hizi mwezi wa tisa hauna tofauti na wa saba. Na ile dawa haizuii mbu asiume. Inaua vilivyoingia mwezi uliopita. Ukiacha mapema, vya mwisho vyote vinabaki ndani, vinakua taratibu. Huyu aliumwa mwaka jana. Tunavuna sasa."

"Hukutuambia."

"Nilibandika tangazo mlangoni. Nyinyi mnasikiliza kipaza sauti."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu aliyekwisha kulisema kwa wengi wiki hiyo.

Njia nzima ya kurudi Mama Gyutae alikuwa anapanga maneno. Aliyapanga vizuri, makali mbele, ya kuumiza nyuma. Alimkuta Mwenyekiti Gwak barabarani, amevua viatu, anageuza mpunga aliouanika juu ya lami kwa reki ya mbao. Walikuwa wa rika moja yeye na marehemu. Walikwenda jeshini pamoja, wakarudi pamoja, wakaoa mwaka mmoja.

"Mama Gyutae. Daktari anasemaje, uzee?"

"Minyoo ya moyo. Aliumwa na mbu wa mwaka jana, shemeji. Wa baada ya tangazo lako."

Reki iliendelea kidogo, kisha ikasimama.

"Baada ya Kukoma Joto mdomo wa mbu..."

"Haukupinda."

Mwenyekiti aliangalia mpunga. Jua lilikuwa kali, na jasho lilimtoka chini ya kofia likashuka mpaka kidevuni.

"Baba yangu alilisema neno hilo," akasema. "Na baba yake."

"Na baba yangu pia."

"Kalenda haikukosea. Siku iko pale pale ilipokuwa. Hewa ndiyo imehama nyumba, haikuaga." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Anakohoa?"

"Anakohoa."

"Na tumbo? Limejaa maji?"

"Bado."

"Dolse wangu lilijaa." Huyo alikuwa mbwa wake, dume jeupe, aliyekufa mwezi wa sita. Kijiji kizima kilijua kwamba alikula samaki mbovu pwani, kwa sababu Mwenyekiti ndivyo alivyosema. "Alikohoa tangu wakati wa miche. Nikasema kala samaki." Akaketi pale pale, juu ya mpunga wake mwenyewe, jambo ambalo angemgombeza mtoto yeyote kwa kulifanya.

Maneno yale yaliyopangwa kwenye kigari yalimpotea Mama Gyutae yote. Alikuwa amekuja kugombana na mtu, na mtu mwenyewe hakuwapo. Palikuwa na mzee mwenye soksi zilizotoboka.

"Ondoka juu ya mpunga," akamwambia. "Watu watakula."

Kesho yake asubuhi kipaza sauti kilikohoa, kikataja bei za vitunguu. Kisha kikasema wenye mbwa wote wawapeleke mjini wakapimwe damu, na kwamba lile neno la mwezi wa nane lisifuatwe tena. Hakukuwa na mzaha. Watu walisimama na miswaki mdomoni wakisubiri mzaha, haukuja.

"Leo Mwenyekiti kala nini," akasema Bibi Jomrye juu ya ukuta. "Kawa kama redio ya serikali."

Lakini naye alimpeleka mbwa wake mweusi. Mbwa mweusi alikuwa na minyoo. Wa mama mwenye duka alikuwa nayo. Kila nyumba iliyopisha mwezi wa nane ikakunja dawa ikaweka kabatini ilikuwa nayo, na hakuna aliyekuwa na wa kumshika shati.

Matibabu Daktari Pyo aliyaeleza polepole, mara mbili. Kwanza vidonge, kumwimarisha mbwa na kudhoofisha minyoo. Kisha baridi ikiingia, sindano, za mgongoni, zinazouma sana. Sindano inaua minyoo.

"Inakwenda wapi ikifa?" akauliza Mama Gyutae.

"Hapo ndipo kazi ilipo. Maiti zake hazina mlango wa kutokea. Damu inazisukuma mapafuni, zinaoza huko kidogo kidogo. Mbwa akikimbia, moyo ukaenda mbio, zinasukumwa nyingi kwa pamoja, zinaziba. Kwa hiyo asikimbie. Asiruke. Asipande ngazi. Asifurahi, ukiweza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka baada ya Mwaka Mpya wa kalenda ya wazee, ule unaoangukia mwezi wa pili, na zaidi."

"Na akitulia hivyo, atapona?"

Daktari aliyatazama makovu yake ya paka. "Wengi wanapona, mama. Huyu anayo mingi."

Kutulia si kazi ya mbwa wa Jindo, lakini tabu ilitokea mahali ambapo daktari wa bara hakupafikiria. Mbwa hawa hawajisaidii karibu na wanapolala. Hata wafe. Mama Gyutae alimfungia Moru chumba cha ndani, ambacho sakafu yake hupashwa moto kutoka chini, akamtandikia magazeti kwenye pembe. Moru aliyatazama magazeti, akamtazama bibi, akageuza uso kama aliyetukanwa. Akajizuia siku nzima na usiku wake. Mahali pake palikuwa ng'ambo ya shamba la vitunguu, penye tuta la mwisho, na hapakuwa na pengine duniani.

Kutembea mpaka huko alikatazwa. Kumbeba, goti la Mama Gyutae lilikataa. Ndipo alipokumbuka kigari cha mtoto kilichokuwa stoo, cha mjukuu wake aliyekwisha kuanza shule. Vibibi wengi wa kijijini wanasukuma vigari vya namna hiyo kwa kujiegemeza, wakatia humo mboga na mkoba. Yeye alimtia Moru. Siku ya kwanza mbwa aliona aibu, akalaza masikio, akatazama upande wa ukuta njia nzima.

"Mama Gyutae," akaita Bibi Jomrye, "umejifungua lini, wewe mwanamke mjane?"

"Jana."

"Kafanana na baba yake kwa masikio."

Hata Mwenyekiti Gwak alicheka, mara ya kwanza tangu siku ya mpunga. Baada ya hapo akawa anakuja kila asubuhi, tangazo likimalizika, kusukuma kigari kwenye kile kipande chenye kokoto. Hakuombwa. Walikwenda bila kusema mengi, gurudumu moja linalia, mbwa amekaa wima kama bibi harusi. Kwenye tuta la mwisho walimshusha kwa pamoja, wakageuka nyuma kumpa heshima yake, wakamrudisha kigarini.

Ikafika siku ya kutia kimchi. Kalenda ilisema ni majira ya theluji kubwa. Mabeseni mekundu yalipangwa ukumbini, wanawake wamevaa glovu za mpira mpaka kwenye viwiko, pilipili imewafika mpaka nyusi, na mlango uko wazi kwa ajili ya joto. Mama Gyutae alikuwa anapaka jani la kabichi alipohisi kitu kwenye kope. Mikono yote ilikuwa na pilipili, hakuweza kujipiga. Alikaa, jicho limefumbwa, akamsikia anavyoingiza mdomo wake, taratibu, bila haraka, mdomo ulionyooka kama sindano ya daktari.

"Nipigeni," akawaambia wenzake. "Kuna mbu machoni, nipigeni."

Hakuna aliyekuwa na mkono safi. Waliangaliana, mikono mekundu juu, na yule mbu akanywa akashiba akaenda. Mmoja akaanza kucheka, kisha wote wakacheka mpaka machozi, na wengine machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha, wakasema ni pilipili.

Sindano ya kwanza ilipita. Moru alirudi amepinda mgongo, hakula siku mbili. Vitunguu vikaanza kuvunwa. Ya pili na ya tatu alichomwa majira yalipofika ya baridi kuu, ambayo mwaka ule ilikuwa mvua nyembamba na ukungu, na mitaro haikuganda hata siku moja. Daktari alisema kuanzia sasa ndio wakati mbaya, minyoo ikiwa inakufa. Kitu chochote cha kumshtua mbwa moyo kiondolewe.

Mama Gyutae alikaa akaangalia nyumba yake. Akatoa kengele ya langoni. Akamwomba mwenye duka aache kupiga honi ya gari la samaki. Akamwomba Mwenyekiti apunguze kipaza sauti, na Mwenyekiti akawa anatangaza kwa sauti ya kunong'ona, hata kwa wiki kadhaa hakuna aliyejua bei ya vitunguu. Kisha akabaki na jambo moja, akalizunguka siku kadhaa, na mwisho akapiga simu Ulsan.

"Gyutae. Mwaka Mpya msije."

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna. Moru akikuona atafurahi. Na ukiondoka atalifukuza gari. Hata nikimfunga, ndani ya moyo wake atalifukuza."

Kwenye simu ulisikika mlio wa chuma kinapigwa.

"Mama, nani atasimamia sadaka ya baba? Mimi ndiye mwanawe wa pekee. Unanifukuza kwa ajili ya mbwa?"

"Sikufukuzi. Nakuomba."

"Nitaacha gari darajani nije kwa miguu."

"Anaujua mguu wako tangu kwenye jiwe."

"Watu watasemaje?"

"Wameshasema. Kazi hiyo wanaimaliza mapema siku zote."

Gyutae alikata simu bila kuaga vizuri. Baadaye alituma sanduku la matunda ya peasi, makubwa, ya bei, bila neno ndani.

Asubuhi ya Mwaka Mpya Mama Gyutae alipanga sadaka peke yake. Wali, samaki, peasi za Gyutae zimekatwa vichwa. Si kazi ya mwanamke kuinama mbele na kumwaga pombe, lakini aliinama, akamwaga. Katika nyumba za jirani milango ya magari ilikuwa inafungwa na watoto wanapiga kelele, na kila mlango ulipolia Moru aliinua kichwa kutoka kwenye godoro lake, akasikiliza, akaona siye, akakishusha. Mama Gyutae aliona kila mara. Alimwambia marehemu, kwa sauti ya kawaida, kwamba asikasirike, mtoto atakuja mwezi wa tatu, sasa kuna mgonjwa.

Moru hakuruka. Hakukimbia. Hakuna gari lililokuja kwake na hakuna lililoondoka. Kila kitu alichosema daktari kilifanywa kama kilivyosemwa.

Siku chache baadaye kulipambazuka joto la ajabu, la kuvua sweta. Mplamu ulio nyuma ya choo ulikuwa umefungua maua yake mengi kwa mara moja, kabla ya wakati, na nyuki wamejaa. Moru aliomba kutoka. Mwenyekiti alikuwa ameitwa ofisi ya wilaya, kwa hiyo Mama Gyutae alisukuma peke yake. Kwenye kokoto alipumzika. Alimwona mbwa anakohoa kidogo, akaona tone la damu kwenye pua, akalifuta kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani. Moru alimtazama. Kisha akageuza kichwa upande wa barabara, kule kwenye jiwe, akaweka kidevu juu ya ukingo wa kigari kama anayechoka kukaa wima.

"Haya, tunafika," akamwambia.

Akasukuma. Gurudumu lilikuwa linalia. Shambani wanawake wa kuvuna walikuwa wanafunga vitunguu mafungu mafungu, wakamwamkia, akaitikia. Alifika kwenye tuta la mwisho, akafunga breki, akageuka nyuma kama kawaida yao, akangoja. Aliangalia ukungu unavyopanda kutoka kwenye majaruba. Akangoja zaidi, maana siku nyingine Moru alikuwa na mambo mengi ya kunusa. Hakusikia kushuka. Alisema, "Umekuwa na aibu tena?" na hapo akakumbuka kwamba mbwa huyu hashuki peke yake, anashushwa, na kwamba leo hakumshusha.

Hakugeuka mara moja.

Wanawake walimwona amesimama vile, mgongo kwa kigari, kwa muda. Bibi Jomrye ndiye aliyeacha fungu lake akaja. Alitia mkono ndani ya kigari, akauweka ubavuni, akauacha pale.

"Hakukimbia, dada," akasema Mama Gyutae. "Uliniona. Hata kidogo hakukimbia."

"Niliona."

"Sasa nilikosea wapi?"

Bibi Jomrye alitazama kwenye vitunguu. Mbu mmoja alikuwa anazunguka juu ya kigari, mchana, mwezi wa pili. Alimfukuza kwa mkono, akarudi, akamfukuza, akarudi.

Moru alizikwa kwenye tuta la mwisho, mahali ambapo asingependa kulala, maana ndipo alipojisaidia. Mwenyekiti Gwak alichimba, akakataa kusaidiwa. Daktari Pyo alipopigiwa simu aliuliza kama mbwa alitulia, akaambiwa alitulia, akasema basi lilifanyika lililowezekana. Mwaka uliofuata alirudi bara.

Mbwa mweusi wa Bibi Jomrye alipona, akaishi, lakini hapandi mlima. Wa mama mwenye duka alikufa mwezi wa nne. Wengine walipona, wengine hawakupelekwa tena.

Gyutae alikuja mwezi wa tatu na familia yake, akafanya sadaka. Alipoondoka alipunguza mwendo kwenye jiwe, akapiga honi, halafu akaendelea. Huja sikukuu zote kama zamani.

Gwak Changmo aliachia uenyekiti kipindi chake kilipokwisha. Mwenyekiti wa sasa ni kijana, anatuma matangazo kwa simu, na tarehe moja ya kila mwezi wa mwaka anawakumbusha watu dawa za mbwa. Kipaza sauti kiko juu ya mlingoti, hakitumiki. Gwak alifuga mbwa mwingine, jike, hajampa jina bado.

Mama Gyutae hakufuga. Goti limezidi, kwa hiyo kigari anakisukuma bado, anatia vitunguu na mkoba. Chandarua chake hakianui tena. Kinakaa juu ya kitanda mpaka siku ya kutia kimchi, na mwaka jana kilikaa mpaka Mwaka Mpya.